Saa Moja Kabla ya Komunyo

Jumapili asubuhi barabara ya Nyakato, ile itokayo mjini Mwanza kwenda Musoma, huwa na watu wengi waendao kanisani. Kando yake maandazi hukaangwa, na harufu yake huwafikia wapitao. Mtoto aliyeondoka nyumbani na njaa, mwenye fedha kidogo mkononi, hujaribiwa sana.

Basi, mtoto mmoja akishindwa, mambo huwa hivi. Amaliza andazi lake saa moja kasorobo. Misa yaanza saa moja, na wakati wa Komunyo wafika saa moja na nusu. Wenziwe wainuka kwenda altareni. Yeye afanye nini? Akibaki kitini aona haya, maana watu watadhani ana dhambi kubwa. Akienda, hakuna atakayejua, ila Mungu na yeye mwenyewe.

Sheria ya Kanisa ni wazi. Apokeaye Komunyo hujizuia kula na kunywa muda wa saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa. Wazee, wagonjwa na wawauguzao hawafungwi na sheria hiyo. Tena saa hiyo huhesabiwa mpaka wakati wa kupokea, si mpaka mwanzo wa Misa. Kwa hiyo mtoto yule amefunga dakika 45 tu, zimepungua 15.

Wako wasemao, "Dakika 15 ni kitu gani?" Hao na wawakumbuke wazee wao. Zamani mfungo ulianza usiku wa manane, na hata tone la maji lilikatazwa. Wamisionari wa Afrika walipoanza misioni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, sheria ilikuwa hiyo. Mkristo aliyekaa mbali alitembea na njaa na kiu. Na kama njia yake ilipita kando ya ziwa, aliyaona maji tele asiyanywe. Mwaka 1953 Baba Mtakatifu Pius XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 akaupunguza mfungo wa chakula uwe saa tatu. Na mwaka 1964 Paulo VI akaufanya saa moja. Hawakuupunguza kwa kuwa Sakramenti imekuwa ndogo, bali ili watu wengi waweze kuifikia. Mzigo uliofanywa mwepesi haufai kutupwa chini.

Kwa hiyo lililo jema kwa mtoto yule ni kubaki mahali pake, akimwomba Bwana Yesu aje rohoni mwake. Haya ya watu hupita upesi. Lakini moyo uliozoea kudanganya mbele ya altare utadanganya darasani na sokoni pia.

Wenziwe nao wana wajibu wao. Wasimcheke, wala wasimwulize kwa nini hakupokea. Pengine amekula, pengine ana sababu nyingine. Hilo ni neno lake na Mungu wake. Wamchekao abakiaye kitini humfundisha kupokea kwa kuogopa macho ya watu, na kosa hilo ni kubwa kuliko la andazi.

Na Jumapili ijayo mtoto apite njia ile ile bila kusimama. Maandazi yatakuwapo hata baada ya Misa, na kwa mwenye njaa yatakuwa matamu zaidi.