KALAMU MBELE YA MASHINI



Mara nyingi tunasikia kati yetu maneno haya: "Wa Scientifique watashika kompyuta, wa Littéraire watashika chaki." Na juu ya wasichana wanasema vibaya zaidi. Sisi tunaona ya kama maneno hayo hayana msingi.

Tuangalie kazi ya mama mmoja wa Marekani, Roberta Williams, aliyezaliwa mwaka 1953. Huyu hakuwa fundi wa programu. Bwana wake Ken ndiye aliyezijua. Lakini Roberta alipenda hadithi. Alipokwisha kucheza mchezo mmoja wa kompyuta juu ya pango, mchezo wa maneno matupu, alitaka kutunga wake wenye picha. Akatwaa kartasi na kalamu, akapanga nyumba, vyumba, watu na siri ya mauaji. Halafu Ken akaandika programu. Mchezo huo, Mystery House, ulitoka mwaka 1980 kwa mashini ya Apple II. Waliuuza dola 24.95, ndani ya mfuko wa plastiki. Picha zake zilikuwa mistari tu, lakini watu walishangaa.

Pengine mtu atasema: kutunga mchezo ni kuchezacheza tu. Hapana! Msomaji wa kitabu anafuata njia moja, lakini mchezaji anaenda kule anataka. Akifungua mlango huu, atakuta nini? Akisahau ufunguo, itakuwa namna gani? Mtungaji anapashwa kujibu yote hayo mbele. Ni kazi ya akili na ya uvumilivu.

Roberta aliendelea. Mwaka 1984 alitoa King's Quest. Mwaka 1988, katika sehemu ya 4, alimweka binti mfalme, Rosella, kuwa shujaa. Mwaka 1995 Phantasmagoria ilijaza sahani 7 za CD. Kampuni yao Sierra iliuzwa mwaka 1996, na baadaye akapumzika miaka mingi. Mwaka 2023 akarudi na Colossal Cave: ni mchezo uleule wa pango uliomfungulia njia, sasa na picha.

Hatusemi tuache hesabu. Bila Ken, kartasi ingebaki kartasi. Lakini bila Roberta, mashini ingekosa la kusimulia.

Kwa hiyo, wa Scientifique wasizarau rédaction, na wa Littéraire wasiogope kompyuta. Na kwa wakubwa wetu wa masomo tunaomba neno moja: pale kompyuta ziko, masaa yake yasiwe ya seksio moja tu, wala ya wavulana tu. Bibi zetu wangali wanatusimulia mambo ya Kabundi na Sungura. Nani atayatia katika mchezo, kama wenye kuyajua vizuri wamefungiwa mlango?