Ziara za Vyama vya Wasomaji si Anasa

Katika shule zetu nyingi, chama cha wanafunzi wapendao hadithi za kubuni za kisayansi kikiomba basi kwenda kutazama maonyesho au jumba la makumbusho, aghalabu jibu huwa moja: basi ni la kandanda na kwaya, na jambo lisilotahiniwa halina fungu. Wapo pia wazazi wanaoziona hadithi za vyombo vya angani na viumbe wa sayari za mbali kuwa porojo za kumpotezea mtoto wakati. Fikira hizi zina kasoro kubwa, na historia yenyewe inazikanusha.

Mnamo Oktoba 1936, kikundi kidogo cha vijana wa New York kilipanda garimoshi hadi Philadelphia kuonana na wenzao waliosoma majarida yale yale ya hadithi za kisayansi. Walikaribishwa nyumbani kwa mmoja wao, wakazungumza, kisha wakarejea kwao. Matembezi hayo ya siku moja huhesabiwa na wengi kuwa kongamano la kwanza la mashabiki wa fasihi hiyo. Waingereza kwa upande wao hudai heshima hiyo ni yao, kwa sababu mkutano wao wa Leeds, wa tarehe 3 Januari 1937, ndio uliopangwa na kutangazwa mapema.

Miongoni mwa waliohudhuria Leeds alikuwemo kijana wa miaka 19, Arthur C. Clarke. Mwaka 1945 kijana huyo alichapisha makala akieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, kitazunguka sambamba na dunia, na kwamba vyombo vitatu vya aina hiyo vingetosha kueneza matangazo karibu ulimwenguni kote. Leo matangazo mengi ya televisheni hutufikia kwa setilaiti za namna hiyo. Nani basi atathubutu kusema kwamba vijana wale walikuwa wakipoteza wakati?

Julai 1939, jiji la New York lilipokuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyojinasibu kuonyesha ulimwengu wa kesho, mashabiki wapatao 200 walifanya huko kongamano lao la kwanza la dunia. Ray Bradbury, mwenye umri wa miaka 18, hakuwa na nauli. Mwenzake wa chama cha Los Angeles alimkopesha, naye akasafiri kwa basi kuvuka bara zima. Mwaka 1953 alitoa riwaya ya Fahrenheit 451, ambayo hadi leo inasomwa katika shule za nchi nyingi. Mkopo ule mdogo ulizaa matunda ambayo mkopeshaji hakuyatarajia.

Hata hivyo, kongamano lilo hilo lina doa ambalo walimu wanapaswa kulizingatia. Vijana sita walizuiwa mlangoni kwa sababu ya ugomvi wao na viongozi wa mkutano. Mmoja wao, Frederik Pohl, alikuwa katika safari ile ya 1936, naye baadaye akawa mwandishi na mhariri mashuhuri sana wa fasihi hiyo hiyo. Chama cha shule kisigeuzwe mali ya kiranja na marafiki zake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, au yule asiyejua kuzungumza mbele ya watu, ana haki sawa ya kiti ndani ya basi.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu na hayatuhusu. Hawa wamesahau kwamba lugha yetu iliingia katika fasihi hiyo zamani. Katika mchezo wa televisheni wa Star Trek, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, afisa wa mawasiliano aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno la Kiswahili, uhuru. Nichelle Nichols, mwigizaji mweusi aliyeishika nafasi hiyo, aliajiriwa na shirika la anga la NASA mwaka 1977 kuwashawishi wanawake na Wamarekani weusi waombe kazi ya uanaanga. Mae Jemison, ambaye mwaka 1992 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, ameeleza wazi kwamba mwigizaji huyo alimtia moyo tangu utotoni.

Mashabiki wa mchezo huo ndio pia waliomwandikia Rais Gerald Ford barua kwa maelfu, na mwaka 1976 chombo cha kwanza cha majaribio cha safari za anga kikapewa jina la Enterprise, lile la merikebu ya angani ya hadithini. Chombo hicho sasa kimo katika jumba la makumbusho la Intrepid, New York, na mfano uliotumiwa katika kupiga picha za mchezo umehifadhiwa na jumba la makumbusho la anga mjini Washington. Mwenye kuzuru majumba hayo mawili huiona ndoto, kisha akaona chuma kilichobatizwa jina la ndoto hiyo.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya Ngomeni karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi hii. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ni wanafunzi wangapi wa Kilifi, seuze wa Kakamega au Embu, wanaoijua habari hii?

Aidha, katika riwaya ya Walenisi ya mwaka 1995, marehemu Katama Mkangi alimrusha shujaa wake, Dzombo, angani hadi kwenye nchi yenye haki ambayo hapa hatujaijenga. Mwanafunzi aliyeisoma riwaya hiyo akapelekwa Ngomeni, au katika Jumba la Makumbusho la Nairobi kusimama mbele ya mifupa ya Kijana wa Turkana, mwenye umri wa miaka takriban milioni moja na nusu, atarudi na maswali ambayo hakuna kitabu cha marudio kitakachomwuliza. Ametoka wapi binadamu, na anakwenda wapi?

Hatusemi kwamba kila ziara ina manufaa. Tumeona mabasi yaliyojaa vigelegele, wanafunzi wakapita mbele ya vioo kwa nusu saa, kisha wakakimbilia soda. Hayo ni matembezi tu. Ziara ya chama cha wasomaji ianze na kitabu, hata kama ni nakala moja inayosomwa kwa zamu. Kila mwanafunzi aende na swali lake ameliandika, na akirudi aandike insha au hadithi yake mwenyewe, isomwe mbele ya shule. Safari ifanywe mchana, na ruhusa iombwe mapema kwa barua.

Kuhusu fedha, tunajua kwamba karo huwalemea wazazi wengi. Lakini shule mbili jirani zaweza kuchangia basi moja, na shule isiyo na basi yaweza kuanza kama walivyoanza vijana wa 1936: kuwatembelea wenzao wa mji wa pili na kujadiliana juu ya walichokisoma.

Twawasihi walimu wakuu watenge angalau siku moja kila mwaka kwa shughuli hii. Wahenga walinena kwamba tembea uone. Taifa linalotaka wahandisi na wanasayansi lisiwafungie vijana wake darasani, kisha likashangaa wanapokua bila hamu ya kuvumbua lolote.