Njia ya Udaktari Haianzii Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yatangazwapo, wazazi na walimu hukabiliwa na swali moja: kijana atakaye kuwa daktari asome nini kwanza? Wengi huliahirisha jibu mpaka kijana afike chuoni. Hilo ni kosa, na waumiao zaidi kwalo ni watoto wa mahali kama Jibondo.

Jibondo ni kisiwa kidogo cha matumbawe, jirani na kisiwa kikuu cha Mafia. Watu wake ni wavuvi, wakulima wa mwani na mafundi wa vyombo. Kwa miaka mingi maji yao matamu yalikuwa ya mvua, na mengine yalivushwa kwa mashua. Mgonjwa aliyezidiwa hana budi kuvushwa bahari, kisha apelekwe kwa barabara hadi hospitali ya wilaya, Kilindoni. Kusi ikivuma kwa nguvu, mama mjamzito huingoja bahari itulie, lakini uchungu haumngoji yeye. Kwa watu hao, tabibu mmoja mwenye ujuzi ni uhai.

Vijana husikia kwamba huko Marekani mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya miaka 4, hata ya fani nyingine, madhali ametimiza masomo ya sayansi yatakiwayo, ndipo aombe kusomea udaktari. Tanzania sivyo ilivyo. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho chimbuko lake ni chuo cha tiba kilichoanzishwa mwaka 1963, kijana huingia udaktari moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita, akiwa amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Husoma miaka 5, kisha hufanya kazi mwaka 1 chini ya usimamizi.

Maana yake ni nzito. Mtoto aliyeiacha Fizikia akiwa na umri wa miaka 15 amekwisha kujifungia mlango huo, na pengine hakuna aliyemwambia. Na pale ambapo shule haina mwalimu wa somo hilo, wala maabara, mtoto hawezi kusemwa kuwa amechagua. Amechaguliwa.

Iko njia ya pili. Baada ya Kidato cha Nne, mwenye ufaulu katika masomo ya sayansi aweza kusomea stashahada ya utabibu kwa miaka 3, akaanza kutibu watu mapema. Akifaulu vizuri, stashahada hiyo yaweza kumfikisha kwenye shahada ya udaktari. Kwa mtoto wa mvuvi asiye na akiba, njia hii haina aibu yoyote. Kuiona kuwa ya walioshindwa ni kasumba, nayo hudumu kwa sababu wasomi wenyewe huieneza.

Uuguzi, maabara na afya ya mazingira ni kazi kamili, kila moja na heshima yake. Kisiwa kilichohangaika na maji chamhitaji afisa afya sawa na kimhitajivyo daktari. Lakini kijana anayeingia humo akidhani ni foleni ya kuungojea udaktari, aelezwe mapema kwamba anazunguka mbali, asije akapoteza miaka na fedha za wazazi.

Mafundi wa Jibondo hawaanzi chombo kwa tanga. Huulaza mkuku kwanza, ndipo mengine yafuate. Mkuku wa udaktari ni masomo ya sekondari. Basi ni wajibu wa walimu kuwaita wazazi kabla mtoto hajachagua masomo, na kuwaeleza njia zote kwa lugha iliyo wazi. Ni wajibu wa watumishi wa elimu kuhakikisha kwamba walimu wa sayansi wanafika visiwani, na kwamba wakifika wanapata makazi ya kuwawezesha kubaki. Bila hayo, watoto wa Jibondo watazidi kuvushwa wakiwa wagonjwa, na wachache mno watarudi wakiwa waganga.