Mwenye Pikipiki na Ashike Njia ya Zamani

Mtu atakaye kuivuka nchi ya Marekani kwa pikipiki, kutoka pwani ya Atlantiki hata pwani ya Pasifiki, ana njia za namna mbili mbele yake, na rai yangu, niitoayo bila ya kusitasita, ni kwamba ashike ile iliyo nyembamba, yenye kona na ya polepole, hata ikiwa itamzidishia siku barabarani na gharama za malazi. Namna ya kwanza ni zile barabara kuu ziunganishazo majimbo, ambazo wenyewe huziita Interstate: pana, zilizonyoshwa, zisizo njia panda wala taa za kusimamisha magari, na ambazo kila zikaribiapo mji mdogo huupitia kando. Namna ya pili ni barabara za zamani, upande mmoja wa kwendea na mwingine wa kurudia, zilizokuwapo kabla ya hizo, na ambazo hata leo huingia ndani ya mji, zikapita mbele ya mahakama ya wilaya, benki, kanisa na mkahawa, ndipo zikatokea tena mashambani.

Sizidharau Interstate. Sheria iliyozizaa ilitiwa saini na Rais Dwight D. Eisenhower tarehe 29 Juni 1956, naye alikuwa na sababu ya dhati, kwani mwaka 1919, angali ofisa kijana, alifuatana na msafara wa magari ya jeshi uliotoka Washington kwenda San Francisco, ukachukua takriban miezi miwili kwa sababu ya matope, mchanga na madaraja yaliyovunjika chini ya uzito wa malori. Na baadaye, katika Vita Vikuu vya Pili, akaziona barabara za Wajerumani, akatambua nchi yake imekosa nini. Zikapangwa maili 41,000, ambazo ni kama kilomita 66,000, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Kwa mwenye shehena, kwa gari la wagonjwa, kwa jamaa anayewahi maziko, barabara hizo ni neema kubwa, na ndugu zetu kutoka Afrika ya Mashariki wanaopata riziki huko kwa kuendesha matrela wanalijua hilo kuliko mimi. Walakini zilikusudiwa kuwafikisha watu na mizigo upesi, na yeyote aliyeacha gari nyumbani akapanda pikipiki kwa masafa ya kilomita elfu tano amekwisha kudhihirisha kwa kitendo hicho kwamba upesi sio akitafutacho.

Mwenye gari huiona nchi kwa macho. Mwenye pikipiki huipokea kwa mwili mzima. Akiteremka bondeni hupigwa na ubaridi kifuani kabla hajauona mto, akipanda upande wa pili hupata joto la lami usoni, na harufu ya majani ya shambani yaliyokatwa asubuhi humfikia ndani ya helmeti. Sasa mtu huyo huyo mtie katika Interstate kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa: upepo humfunika masikio kutwa kucha, kila lori limpitalo humsukuma kwanza kisha humvuta, mabaki ya matairi yaliyopasuka yametapakaa njiani, na harufu imjiayo ni moja tu, ya dizeli. Na asiyeyasadiki maneno yangu alitazame tairi la nyuma la pikipiki iliyozivuka nyanda za Nebraska kwa Interstate 80. Katikati limelika likawa bapa, ukipitisha kiganja unauhisi ukingo pale ubapa unapokoma, na huku mbavuni vingali vimesimama vile vinywele vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani. Chombo kilichoumbwa kilale kulia na kushoto kimekimbizwa siku nzima kikiwa wima, na aliyekipanda hakupata hata mara moja ile raha ya kuinama pamoja nacho katika kona.

Nchi ya Marekani ilikwisha kuyafikiri haya zamani. Mwaka 1935, katika siku za dhiki kuu ya uchumi, ilianza kujengwa barabara iitwayo Blue Ridge Parkway juu ya migongo ya milima ya Appalachia, kutoka Virginia hata North Carolina, kilomita 755, na muradi wake tangu mwanzo haukuwa kufika popote bali kupita mahali hapo kwa raha. Malori ya biashara hayaruhusiwi, mabango ya matangazo hayapo, na mwendo usizidi kilomita 72 kwa saa. Kipande cha mwisho kilibaki miaka mingi bila ya kukamilika, kwa kuwa mlima uitwao Grandfather Mountain ungaliharibiwa lau ungalikatwa kwa desturi ya siku zote. Hatimaye wahandisi wakatengeneza vipande 153 vya zege, kila kimoja kama tani 50, wakaviunga kimoja mbele ya kingine wakiwa juu ya daraja lenyewe, ili mashine zisiikanyage miamba iliyo chini, na zege wakaitia rangi ya chuma ili ifanane na jiwe la mahali pale. Barabara nzima ikakamilika mwaka 1987, baada ya zaidi ya nusu karne. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo taifa laweza kuufanyia mlima, wala sioni vipi mtu mwenye pikipiki na siku za kutosha ataipita Interstate 81, iliyo bondeni ng'ambo ya milima hiyo hiyo, akaridhika.

Kwa upande mwingine, barabara za zamani nyingi hazikupata mlinzi. Barabara ya 66, iliyotoka Chicago hata Los Angeles tangu mwaka 1926, iliuliwa kipande baada ya kipande, ikafutwa rasmi mwaka 1985. Katika mji wa Seligman, Arizona, Interstate 40 ilifunguliwa tarehe 22 Septemba 1978, na magari yaliyokuwa yakipita katikati ya mji mchana na usiku yakahama siku ile ile. Kinyozi mmoja wa mji huo, Angel Delgadillo, hakukubali. Mwaka 1987 yeye na wenziwe waliunda chama cha kuitetea njia yao, na jimbo likaitangaza ile sehemu ya kutoka Seligman hata Kingman kuwa barabara ya kihistoria. Wasafiri wakaanza kurejea, mji ukapumua. Kwa hiyo apitaye huko akanunua chai, akajaza tangi, akalala usiku mmoja, fedha yake huangukia mkononi mwa mwenye mahali.

Lakini nisije nikafahamika kwamba njia za zamani zilikuwa za amani kwa kila mtu. Katika miaka ya 1930 na 1940 mwanamke mmoja mweusi, Bessie Stringfield, aliyazunguka kwa pikipiki majimbo yote 48 yaliyokuwapo wakati huo. Hutupa sarafu juu ya ramani akaenda ilikoangukia, na pale aliponyimwa chumba kwa sababu ya rangi yake hulala juu ya pikipiki yake katika kituo cha petroli. Ndio wakati Victor Hugo Green alipochapisha, kuanzia mwaka 1936, kitabu cha kumwelekeza msafiri mweusi mahali atakapopokelewa. Baadaye Stringfield alifanya maskani Miami, na katika mji huo huo, katika miaka ya 1960, Interstate 95 ilipasuliwa katikati ya Overtown, mtaa wa watu weusi uliokuwa umestawi kwa biashara na muziki, ukatawanyika. Mambo haya mawili nayaweka pamoja makusudi. Dhuluma ilikuwako katika barabara zote mbili, ila ya zamani waweza kuisimamia mbele ya jengo lake ukaijua, na ile nyingine imefunikwa kwa zege, ukaipita juu kwa juu usijue kwamba palikuwa na watu.

Ipo hoja moja nzito dhidi yangu, nami siikimbii. Kwa kila maili ya mwendo, Interstate huua watu wachache kuliko barabara za mashambani. Huko mashambani kuna kona zinazombana aliyeingia kwa kasi, kuna gari litokalo mbele likageuka kushoto likamkata mwenye pikipiki, na magharibi inapoingia kuna kulungu. Dawa yake siijui nyingine ila kupunguza: mwendo upungue, na masafa ya siku yapungue pia, kilomita 400 zitosheleze mahali pa 900, na kabla ya jua kutua pikipiki iwe imekwisha kulazwa. Yeyote ambaye likizo yake haimruhusu kwenda hivyo na aivuke nusu ya nchi, wala si lazima aivuke yote. Na penye dhoruba, au penye jiji kubwa la kulizunguka, ashike Interstate bila ya haya, kisha aiache.

Kadhalika ajue kipimo cha tangi lake, na msimu wa safari yake. Barabara ya 50 katika jimbo la Nevada, ambayo gazeti la Life mwaka 1986 liliipa lakabu ya barabara pweke kuliko zote Marekani, ina masafa ya kilomita zipatazo 110 baina ya Austin na Eureka bila ya mji wowote. Barabara ya Beartooth, ipandayo zaidi ya mita 3,300 mpakani mwa Montana na Wyoming, hufungwa na theluji tangu vuli hata karibu na mwezi wa Juni.

Kwa ndugu zetu Wakongo na wengineo walioko Louisville, Kentucky, nasaha yangu ni fupi. Safari ya kilomita 280 hivi itawafikisha Nashville, na nje kidogo ya Nashville ndipo inapoanzia Natchez Trace Parkway, kilomita 715 hata Natchez, Mississippi, isiyo lori wala bango. Ilikuwa njia ya Wachoctaw na Wachickasaw. Wakaipita mabaharia wa mto Ohio, ambao wakiisha kuuza bidhaa zao kusini huziuza na mashua zenyewe kwa mbao, wakarudi kwao kwa miguu. Wakapitishwa humo pia watumwa katika minyororo, wakipelekwa kwenye soko la Natchez liitwalo Forks of the Road, na msomaji aliyetoka Kasongo, Ujiji au Bagamoyo hana haja ya kufafanuliwa njia ya namna hiyo ni njia gani. Mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Petroli haiuzwi ndani ya njia hiyo, hivyo sharti kutoka na kuingia katika miji ya kando, Collinwood, Tupelo, Kosciusko, na pikipiki yenye tangi dogo itabidi iingie yote mitatu.