Fakilte ya Sheria Haina Kesi ya Kujibu

Mzazi wa Lubumbashi akisikia mtoto wake anataka kusoma sheria, hununa. "Huko utakula vifungu?" humuuliza. Kutoka Katuba mpaka Kampemba imeenea imani kwamba fakilte ya sheria ya Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ni kiwanda cha washomeri: inapokea watoto kwa mamia, inawakalisha miaka mitano, halafu inawamwaga barabarani na diplomi moja na suti ya kuazima. Akionekana kijana mwenye diplomi hiyo anabadilisha dola au anauza yunite za simu chini ya mwavuli, watu wanatikisa kichwa na kusema maprofesa ndio waliomponza. Nimeisikia hukumu hiyo kwenye vilio, kwenye harusi, hata mahubirini. Imetolewa bila mshtakiwa kusikilizwa, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria angeligundua papo hapo.

Tuanze na majirani wa mshtakiwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakilte ya politekniki, na humo wanasomea uhandisi wa migodi, katika nchi ya migodi. Kama ajira ingetegemea umesoma nini, hao wangegombaniwa langoni. Waulizeni. Wengi waliobahatika wameshika mkataba wa miezi michache kwa kampuni ya kukodisha wafanyakazi, nao ukiisha wanarudi kula bukari ya mama. Sijasikia mtu akidai politekniki ifungwe.

Tena Katanga ilishawahi kukaa bila fakilte ya sheria. Mwaka 1971 Mobutu alipoviunganisha vyuo vikuu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, masomo ya sheria yalibaki Kinshasa. Miaka ile vijana wa hapa walipata kazi, ni kweli, lakini ni kwa sababu Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa ikichimba shaba kwa mamia ya maelfu ya tani kila mwaka, na iliajiri mpaka walimu na wauguzi. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka chini ya tani 50,000, na mshahara ukawa hadithi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa, bila aibu, kuondoka kwa hiari. Ni profesa gani wa sheria aliyefanya hayo?

Leo shaba imerudi kwa kishindo. Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, na hakuna tani inayotoka bila karatasi: mkataba, leseni, kodi, bima, mgogoro. Kazi ya mwanasheria ipo tele. Ila mikataba minene inaandikiwa London na Paris, na ikizuka kesi, inakwenda kwa wasuluhishi huko huko. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zitie saini na wenyeji mkataba wa majukumu yao kwa jamii, na zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii hizo. Hebu fikirieni hiyo meza. Upande mmoja kuna kampuni na mawakili wake. Upande wa pili chifu na wazee wa kijiji, wanasomewa kurasa na kurasa za Kifaransa. Kijana wa Kasapa anayevijua vifungu hivyo kwa moyo hayupo mezani, kwa sababu hakuna aliyetenga hata faranga moja ya kumlipa.

Ushahidi mzito zaidi uko hatua chache kutoka chuoni. Barabara ya Kasapa inayowapeleka wanafunzi darasani ndiyo inayowapeleka mahabusu jela kuu ya Kasapa. Jela hiyo ilijengwa kwa ajili ya watu 800. Septemba 2020, wafungwa walipoasi na kuitawala kwa siku tatu, na wanawake waliofungwa humo wakabakwa, ilikuwa na watu karibu 2,000. Sehemu kubwa ya wanaolala humo hawajahukumiwa kwa lolote.

Sheria yetu haina giza katika jambo hili. Polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Hati ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ya kumweka ndani kwa muda inadumu siku 5. Hakimu anaweza kuongeza siku 15, kisha mwezi, kisha mwezi mwingine, na hesabu hiyo ina mwisho. Anaposhtakiwa kijana kwa wizi wa simu akamaliza mwaka bila kumwona hakimu, kinachokosekana mara nyingi ni ukurasa mmoja: ombi la kuachiwa kwa muda, lenye jina lake, namba ya faili, tarehe ambayo hati ilikwisha nguvu, na kifungu kinachohusika. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuuandika kabla chai haijapoa. Kisha mtu aupeleke parke, asimame mbele ya karani, aambiwe faili halionekani, arudi kesho, arudi kesho kutwa, mpaka faili lionekane. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hapo Kasapa peke yake ipo ya kuwatosha vijana wengi sana.

Nani ailipe? Katiba ya 2006, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kutetewa na wakili anayemchagua. Sheria ya mawakili ya 1979 inaitaka baro, yaani chama cha mawakili, iwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Mzigo wa ofisi hizo wanaubeba mastajieri, yaani mawakili walio mafunzoni, na nauli inatoka mfukoni mwao. Stajo yenyewe ni miaka 2: ukipata wakili mkubwa mwenye huruma atakupa usafiri, ukimkosa atakupa mkoba wake uubebe. Halafu kuna ada za kuingia baro, ambazo mtoto wa mama muuza mboga wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hazimudu. Kwa upande wa mahakimu, baada ya kuajiri mwanzoni mwa miaka ya 2010, serikali ilikaa karibu miaka 10 ndipo ikaitisha mtihani mwingine mkubwa, mwaka 2022. Aliyehitimu 2013 alitakiwa ale nini katikati hapo?

Fakilte ina makosa yake, nami sitayafunika. Kumbi zimefurika, mwanafunzi anakariri silabasi ya fotokopi, na anaweza kufika mwisho bila kuandika hata lile ombi la ukurasa mmoja. Akemewe anayestahili. Tanzania mwaka 2022, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilitoa matokeo yaliyozua zogo: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, na waziri akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Sawa kabisa, maana mafunzo yanapimika. Marekani walifika hata mahakamani. Mhitimu mmoja aliishtaki Thomas Jefferson School of Law ya San Diego akidai ilipamba takwimu za ajira ili kuvuta wanafunzi. Machi 2016 baraza la wazee wa mahakama likaipa shule ushindi. Chuo kikidanganya kishtakiwe, hata mimi nitachangia nauli ya wakili. Lakini Kasapa haijamwahidi mtu kazi. Wanaoahidi kazi tunawajua, wanapita na fulana na kofia kila uchaguzi.

Wabunge wetu wa jimbo hukaa kila mwaka kupitisha bajeti ya Haut-Katanga. Waandikieni waongeze mstari mmoja: posho kwa stajieri kwa kila mahabusu wa Kasapa anayemfikisha mbele ya hakimu. Na wewe papa, wewe mama, mwenye mtoto wa sheria anayeshinda nyumbani, usimseme tena mezani. Mpe karatasi aiandike hiyo barua kwa wabunge. Vifungu vyake anavijua.