Kodi moja, kazi tatu: wacha kujificha nyuma ya transpozi

Leo naongea na nyinyi mnaopiga kinanda kanisani hapa Ngoingwa, na pia mnaotengeneza biti kwa laptopu. Nikisema kodi, tulia, si ile ya landilodi. Ni noti zinazolia pamoja.

Kwa miaka miwili nilijiita mpiga kinanda nikijua kii ya C pekee. Mwimbaji akianza kwingine, nabonyeza transpozi. Jumapili moja hicho kitufe kikakataa. Wimbo ukaanzishwa kwa G, vidole vyangu vikaganda. Watu wakaimba bila kinanda hadi mwisho, na mathe alikuwa ameketi mstari wa pili.

Maoni yangu ni haya: kama huwezi kuunda kodi ya meja mwenyewe, umekariri tu mahali pa kuweka vidole. Na si ngumu. Shika C. Panda vitufe vinne, vyeusi pia uhesabu, lakini C yenyewe usiihesabu: umefika E. Panda vitatu tena: G. Hiyo C-E-G ndiyo do-mi-so ya kwaya. Nne kisha tatu, kutoka kitufe chochote, inakupa meja. Ukishusha ile noti ya katikati nusu hatua, imekuwa maina.

Sasa, mafunzo mengi huishia hapo: meja ni furaha, maina ni huzuni, kwaheri. Mimi napinga. Kodi huonyesha kazi yake ikiwa na wenzake. Kwa kii ya C, kodi ya C ni nyumbani, Ngoingwa. F ni kutoka, umepanda mat ya tauni. G ni jioni pale stage ya Thika, makanga anaita, na wewe unataka tu kurudi. Mvuto huo una sababu: ndani ya G kuna noti ya B, imebakisha nusu hatua tu ifike C.

Hamia kii ya F. Ile ile C sasa ndiyo makanga anayekuita urudi. Hamia kii ya G, C inakuwa ile mat ya kutoka. Noti hazijabadilika, kazi imebadilika. Sikiza benga, iwe ya D.O. Misiani na Shirati Jazz ama zile za Kikuyu kwa mat zetu: nyingi zinazunguka kodi tatu za meja kwa mpango huu.

Najua mtasema transpozi si dhambi. Kweli, huokoa mwimbaji mwenye homa. Lakini gita halina hicho kitufe. Mwenye besi akikuuliza, "Tuko kii gani?" na wewe unajibu C wakati spika inalia E-flati, usishangae wakikosa kukuita kwa harusi ijayo.

Wiki hii chukua wimbo mmoja unaoujua kwa C, uupige kwa G halafu F, transpozi ikiwa sufuri. Ukikwama, hesabu nne, kisha tatu.