Mauzo ya Mafuta Kampala: Hesabu Lita, Si Shilingi Peke Yake

KAMPALA – Kila mwezi unapokwisha, vituo vya mafuta vya Naguru na vile vya Barabara ya Jinja, chini ya kilima hicho, hufunga hesabu na kuzilinganisha na za mwezi uliotangulia. Mauzo yakipanda, husemwa biashara imechangamka. Kwa msafirishaji anayepima soko kwa kigezo hicho, hitimisho hilo linaweza kumtia hasara.

Mauzo ni bei mara lita. Tuseme kituo kimeuza lita 100,000 kwa shilingi 5,000 kila moja: kimepata milioni 500. Mwezi unaofuata bei inafika 6,000 na lita zinashuka hadi 92,000. Mapato sasa ni milioni 552. Fedha zimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, ilhali mafuta yaliyouzwa yamepungua kwa asilimia 8. Mwenye malori akiongeza gari kwa kuangalia fedha, anaongeza gharama wakati mzigo unapungua.

Kalenda nayo hudanganya. Februari ya siku 28 ni fupi kuliko Januari kwa karibu asilimia 10. Kituo kinachouza kiasi kile kile kila siku kitaonekana kimeanguka. Kipimo cha haki ni wastani wa lita kwa siku, ukilinganishwa pia na mwezi kama huo mwaka uliopita.

Aidha, kuna suala la mpaka. Kenya, mamlaka ya EPRA hutangaza bei kikomo tarehe 14 ya kila mwezi. Tanzania, EWURA hufanya hivyo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Uganda ililegeza bei mwaka 1994, hivyo kituo cha Naguru kinaweza kubadili bei siku yoyote. Dizeli ikiwa nafuu upande wa Kenya, dereva hujaza tangi kabla ya kuvuka Malaba au Busia. Mauzo ya Kampala hushuka bila safari hata moja kupungua.

Mwaka 2022 ulionyesha aina mbili za kupanda kwa bei. Januari, madereva waligomea vipimo vya Korona vya kulipia mpakani. Malori yalikwama na katika baadhi ya maeneo lita ilifika shilingi 10,000. Pampu zilikauka, lakini wateja walikuwepo, wakisubiri. Katikati ya mwaka, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei duniani, petroli Kampala ilivuka shilingi 6,000. Safari hiyo mafuta yalikuwepo, ila mfuko wa mteja ndio uliobana. Hali ya kwanza huisha malori yakipita. Ya pili hudumu kwa miezi.

Tangu Julai 2024, kampuni ya taifa ya UNOC ndiyo mwagizaji pekee wa mafuta ya Uganda, ikiuziwa na Vitol. Hata hivyo, njia kuu ya mafuta hayo bado inaanzia Mombasa, na foleni ya Malaba bado huonekana Naguru baada ya siku chache.

Kabla ya kusaini mkataba wa nauli isiyobadilika, msafirishaji aulize maswali matatu: lita ngapi zimeuzwa kwa siku, bei ya upande wa pili wa mpaka ni ipi, na malori yanapita? Jumla ya fedha pekee haijibu hata moja.